Picha Nzuri za Mambo Mabaya

Wazazi hutuuliza mara kwa mara kama picha ya jambo baya nayo ni jambo baya. Kijana atazamaye sinema ya mauaji, je, anafundishwa kuua, au anafundishwa kuchukia kuua? Swali hilo ndilo shina la filamu moja ya Marekani iliyotolewa mwaka 1978, iitwayo Eyes of Laura Mars, maana yake Macho ya Laura Mars. Tumeitazama tena, nasi tumeona ya kuwa mavazi yake yamezeeka kidogo, lakini swali lake halijazeeka hata kidogo.

Laura Mars, anayeigizwa na Faye Dunaway, ni mpiga-picha wa mji wa New York. Kazi yake ni kuwapiga picha wasichana waonyeshao mitindo mipya ya nguo, na picha hizo huingia katika magazeti ili watu watamani kununua. Lakini yeye hawasimamishi wasichana wake bustanini wakicheka. Huwalaza kama maiti, huwatia bastola mikononi. Pale Columbus Circle, katikati kabisa ya mji, magari yanawaka moto, na mbele ya moto ule wasichana wawili waliovaa nguo za ndani na makoti ya manyoya wanavutana nywele, naye Laura amechuchumaa na kamera yake, akipiga picha moja baada ya nyingine. Ukitazama unapendezwa, kisha unajiuliza unapendezwa na nini.

Basi usiku mmoja Laura anaota ndoto: rafiki yake anauawa kwa kuchomwa macho kwa chuma chenye ncha cha kuvunjia barafu. Kumbe si ndoto, ndivyo ilivyokuwa. Tangu hapo anapatwa na maono hayo hata akiwa macho, mchana, kazini. Anaona kwa macho ya mwuaji. Na wakati ule hayaoni yaliyo mbele yake mwenyewe. Anajigonga katika meza na kuta kama kipofu, huku anaona vema sana ngazi na mlango wa nyumba nyingine, mlango ambao mwuaji anaukaribia. Rafiki na wasaidizi wake wanakufa mmoja mmoja, naye ni shahidi wa kila kifo asiyeweza kunyosha mkono kuzuia.

Sehemu iliyotushika zaidi haina damu hata tone. Mpelelezi wa polisi aitwaye John Neville (ni Tommy Lee Jones, angali kijana) anamwonyesha Laura picha za maiti zilizopigwa na polisi, picha ambazo hazikupata kutangazwa. Zinafanana na zile za Laura: mwili umelala vilevile, mkono umekunjwa vilevile. Ni nani basi aliyemwiga mwenzake? Laura hakupata kuziona picha za polisi. Hapo ndipo mtazamaji anapohisi baridi mgongoni.

Laura anajitetea. Anasema kwamba ulimwengu umejaa mauaji ya kila namna, ya mwili na ya roho, naye hawezi kuyazuia, ila anaweza kuwalazimisha watu wayatazame. Jibu hilo si la mtu mjinga, wala hatulidharau. Lakini tuangalie picha zake zinakwenda wapi. Zinakwenda kuuza bidhaa. Mtu akitaka kutuamsha tuone damu ya jirani, mbona anatuonyesha pia viatu vya maiti ili tuvitamani? Nabii hapangi bei ya viatu.

Tena jambo hili si la kubuniwa tu. Picha kadhaa zionekanazo katika filamu zilipigwa na Helmut Newton, mpiga-picha wa kweli wa magazeti makubwa ya mitindo kama Vogue. Alizaliwa Berlin mwaka 1920 katika jamaa ya Kiyahudi, akaikimbia Ujerumani mwaka 1938 kwa sababu ya mateso ya Wanazi, akafa mwaka 2004. Kijana aliyeiona nchi yake ikigeuka hivyo hakuhitaji kufundishwa ya kuwa uzuri na ukatili huweza kukaa nyumba moja. Wengine walimsifu, wengine walisema anawadhalilisha wanawake. Sisi tunasema aliona kweli, na aliyoyaona aliyauza ghali.

Filamu yenyewe haiponi katika hukumu hiyo. Inamwuliza Laura kwa nini anapamba mauti, na yenyewe inayapamba kwa nguo za Theoni V. Aldredge na kwa wimbo ulioimbwa na Barbra Streisand. Hadithi ilianzishwa na John Carpenter, ambaye mwaka uleule alitoa Halloween, sinema nyingine ya kisu. Mwongozaji ni Irvin Kershner. Hawa ni mafundi. Hata hivyo mwisho wake ni dhaifu: mwuaji, ambaye hatutamtaja, anaeleza maisha yake yote kwa maneno machache ya haraka, kana kwamba mwandishi amekumbuka ghafula kwamba anadaiwa sababu. Swali la picha, ambalo tulilifuata kwa muda mrefu, linaachwa njiani.

Filamu hii si ya watoto, na baba au mama asiwaache peke yao nayo. Lakini vijana waliokwisha kupevuka waitazame pamoja na wazazi, na wasimame hasa pale Laura anapofukuzwa ndani ya chumba chake kikubwa cha kazi. Anakimbia, naye haoni njia. Anachoona ni mgongo wa mwanamke anayekimbia, unazidi kukaribia, na mgongo ule ni wake mwenyewe. Zamani yeye ndiye aliyesimama nyuma ya kamera.