Faili ndogo, diski inajaa

Mwandishi umegusa penyewe, ila lawama zote umezitupia nakala tatu za kila faili. Kwenye Ceph, mfumo wa kuhifadhi data, kuna mlaji mwingine wa nafasi: bluestore_min_alloc_size, yaani kipande kidogo kabisa cha diski kinachoweza kugawiwa. Kabla ya toleo la Pacific la 2021, diski za kuzunguka ziligawa nafasi kwa vipande vya KB 64. Kifaili cha KB 4 chenye nakala tatu kilikula KB 192. Ukitumia usimbaji wa 4+2 badala ya nakala, yaani vipande vinne vya data na viwili vya ziada, kilikula KB 384! Mbinu ya kubana nafasi ndiyo iliyokumaliza. Pacific ilishusha kipimo hadi KB 4, lakini hufungwa pale OSD, yaani sehemu ya Ceph inayosimamia diski, inapoundwa, kwa hiyo kusasisha programu pekee hakusaidii kitu. OSD za zamani ziundwe upya, mojamoja, huku ukisubiri data ihame. Wenye picha ndogondogo, zifungeni kwanza kwenye tar.