Daftari la Wiki: Penseli Chini ya Mafuta

Kando ya barabara ya Lushebere, huko Masisi, kumejengwa baraza mpya ya mbao za mkaratusi, kazi safi isiyo na dosari ya kiungo wala ya msumari, lakini atakayeikaribia hatakosa kuona, chini ya mafuta yanayong'aa, mishale, misalaba na hesabu za fundi zilizoandikwa kwa penseli, ambazo sasa zimehifadhika kama maandishi ya kaburini.

Wengi hudhani kwamba mafuta yatazifuta, na hali ni kinyume cha hayo. Kwani kiini cha penseli, ambacho ni unga wa grafiti uliochanganywa na udongo ukachomwa, kwa njia aliyoivumbua Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, hakiyeyuki kwa maji wala kwa mafuta, bali hukaa baina ya nyuzi za ubao, na vanishi ikishakauka juu yake hapana tena wa kukifikia. Dawa ni nyepesi, mradi itangulie mafuta: raba laini isiyoacha rangi, kisha kitambaa chenye spiriti kidogo, ambayo haiyeyushi grafiti ila huilegeza ikatoka na kitambaa, na ikiwa fundi amekandamiza hata akachimba mfereji, hapana hila ila msasa, upitishwe kwa kufuata nyuzi, tena katika ubao mzima, kwani mahali paliposuguliwa peke yake hunywa mafuta kwa kadiri nyingine, na doa moja likaondoka kwa kuleta jingine. Sufi ya chuma isikaribie kabisa. Mkaratusi una tanini, na chembe za chuma zikibaki ndani yake, mvua ya kwanza ya Masisi huzigeuza weusi ambao penseli ni afadhali kuliko huo.

Ama penseli ya kopi, ile ya zambarau, ningeomba iachiwe makarani. Ikiwa kavu hutulia kama nyingine yoyote. Ikipata unyevu rangi yake huzama ndani ya ubao, na msasa haufiki huko.

Katika Goma mambo haya ya kufuta penseli hayana mjadala. Baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga lava mjini tarehe 17 Januari 2002, watu wengi walijenga nyumba za mbao juu ya jiwe lile lile jeusi lililozika nyumba zao za awali, na kuta nyingi hazikupakwa kitu. Jua na mvua zimekula uso wa mbao, zikazigeuza kijivu, na hesabu za mafundi zikaondoka pamoja na uso huo pasipo mtu kuinua kitambaa.

Tukirudi kwenye msasa, maseremala wa zamani walilainisha kazi zao kwa majani ya mti wa msasa, makavu na yenye kukwaruza, kabla karatasi ya msasa haijafika madukani. Mti huo huota hata katika misitu ya Kongo, nami sijui kwa nini tunalalamikia bei ya karatasi.

Hata hivyo, naona alama za upande wa chini wa baraza, usioonekana na mgeni, ziachwe zilivyo: siku atakapokuja fundi mwingine kung'oa ubao uliooza, vipimo vya mwenzake vitakuwa vinamngojea.