Baridi ya Mwisho wa Juma na Jiko la Chumbani



Taarifa za hali ya hewa za msimu huu wa kipupwe hutaja mara kwa mara kuimarika kwa mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Afrika, nasi huyasikia maneno hayo yakapita. Maana yake si ngumu. Hewa baridi hutoka katika bahari ya kusini, ikaipiga Cape Town kwa mvua na upepo. Nyuma yake mgandamizo huongezeka, na sehemu ya hewa hiyo husukumwa kaskazini kuelekea kwetu. Huchukua siku kadhaa njiani, na ifikapo huwa imepoteza makali yake mengi. Basi asikiaye katikati ya juma kwamba Rasi imepigwa na baridi, na atoe mablanketi mapema.

Pwani, Kusi hukaza na bahari huchafuka. Wenye safari ya Unguja au Mafia wasikilize kwanza tahadhari ya mawimbi kabla ya kukata tikiti. Lakini uzito uko Njombe, Makete, Mbeya na Iringa. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na uwanda wa Kitulo uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake, hewa nzito ya baridi huteremka mabondeni, na alfajiri viazi hukutwa vimefunikwa na sakitu. Kwa hiyo mbingu iliyotakata jioni isikudanganye.

Hapo ndipo mtu huingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango na dirisha, watoto wakalala. Mkaa uliokolea hautoi moshi, nasi huudhani salama. Kumbe hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala haamki akakohoa, huzidi kulala. Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha moto ukiwaka nyumbani wakati wa kulala, na sisi tunaoisoma hadithi hiyo madrasa tungali tukilala na makaa!

Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikawashika watu wawili au watatu wa chumba kimoja, msiseme ni malaria. Fungueni milango, watoeni nje wote, kisha hospitali.

Wazee wapewe soksi na kofia, watoto walale pamoja chini ya blanketi moja zito. Jiko likae uani, na alfajiri liwashwe huko huko kwa maji ya udhu ya babu na bibi.