Rungu Kwanza, Jina Baadaye

Juma lililopita hapa Jericho ameuawa nyoka kando ya mfereji wa maji machafu. Urefu wake ni kama dhiraa moja, rangi ya kijivu, madoa meusi mgongoni, na kisogoni alama mfano wa ncha ya mshale. "Moma! Moma!" wakalia vijana. Nilipofika, rungu limekwisha kazi.

Hakuwa moma, ingawa ni wa ukoo wake. Wataalamu humwita Causus rhombeatus. Mimi nitamwita moma wa usiku, japo hata mchana hutembea. Moma mwenyewe huzaa watoto hai, na mmoja wa asili ya Kenya aliyefugwa Ulaya alizaa 156 kwa mkupuo mmoja! Huyu mdogo hutaga mayai. Mboni ya jicho lake ni duara, si ufa kama ya paka. Na vifuko vyake vya sumu havikutosheka na kichwa, vimeteremka mpaka shingoni. Kwa vifuko hivyo ungedhani atamaliza mtaa mzima, kumbe akimuuma mtu, kwa kawaida ni uvimbe na maumivu makali tu.

Chakula chake ni chura. Basi na tuulizane, chura wamemfuata nani? Mfereji umeziba, maji yametuama, wadudu wakajaa, chura wakaja kula wadudu, naye akaja kula chura. Mualiko tumeuandika wenyewe. Chuoni mwalimu wetu alitufundisha kuwa nyoka wa nyumbani huonywa siku tatu kabla ya kuuawa. Huyu hakupewa hata dakika tatu.

Lakini lililoniudhi zaidi ni jirani aliyetoka na wembe na kamba, eti awe tayari mtoto akiumwa. La, bwana! Usichanje, usifyonze, wala usikaze kamba. Kamba na wembe vyaweza kudhuru kuliko jino lenyewe. Mtulize mtoto, mvue viatu na bangili kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, kisha hospitali mbio. Na usiseme "ni yule mdogo tu" ukakaa nyumbani. Mtoto wa moma wa kweli naye ni mdogo, naye sumu yake huua, na mtu mwenye hofu hana macho ya kuchagua madoa.

Mfereji bado umeziba. Jana usiku chura wamelia mpaka alfajiri.