Taa ya Tangi la Samaki na Hadhari ya Umeme

Maadamu nyaya za umeme zimekwisha kuingia vijijini, na maadamu Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, umemwezesha mwanakijiji kuunganishiwa kwa shilingi 27,000, si ajabu tena kumkuta mtu wa Misigiri, pale njia ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega, akitamani si mwanga wa kusomea tu, bali na pambo pia. Na katika mapambo ya hoteli za njiani hakuna lililo latifu kuliko tangi la kioo lenye samaki, likiangazwa kwa taa za LED. Watakaosema kwamba hiyo ni anasa sibishani nao, ila anasa hiyo hiyo humpa fundi redio riziki, nami kazi hiyo ya kuunda taa naitaka ifanywe hapa hapa, kwa bei nafuu.

Wataalamu watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua taa ya aina hii yenye rangi ya buluu, ambayo ikipakwa unga wa manjano hutoa nuru nyeupe. Punje moja ya LED yahitaji volti 3 na kitu. Ukanda wa LED uuzwao madukani umeziunga punje hizo tatu tatu pamoja na rezista yake, ili utosheke na volti 12. Ukutani, kwa upande wa pili, mna volti 230, na ni baina ya hesabu hizo mbili ndipo ulipo ufundi wote, na hatari yote.

Fundi aliyebanwa na bei huiacha transfoma, akaweka kapasita moja ya kupunguza umeme, nayo taa huwaka vizuri kabisa. Balbu nyingi rahisi zimeundwa hivyo. Lakini nyaya za taa hubaki zimeungana na umeme wa ukutani, hata yule atiaye mkono majini kulisugua tangi, kifuniko kikiwa kimeroa, huwa ameshika soketi bila kujua. Transfoma ina koili mbili zisizogusana, umeme ukivuka kwa nguvu ya sumaku tu, na utengano huo ndio amani ya mwenye tangi. Hapo hufuata diodi 4, kapasita ya kutuliza mawimbi, na fyuzi mlangoni mwa umeme. Tena wengi hukosea hapa: transfoma iliyoandikwa volti 12, baada ya diodi na kapasita, hutoa volti 15 na zaidi, ukanda ukaungua kabla ya wakati wake, ile ya volti 9 ndiyo itoayo takriban 11, nazo zatosha.

Asiyeweza hayo na atafute adapta ya king'amuzi kilichokufa, iliyo halisi, ya volti 12, asome kibandiko chake na kuhakikisha ampia zake hazipungui zile zitakazo ukanda. Waya nao uachwe ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lililoteleza juu yake lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. (Na taa isiwashwe kutwa kucha, masaa 8 yatosha, la sivyo mwani utakijaza kioo na samaki hawataonekana.)

Lawama, kwa maoni yangu, aghalabu si ya fundi. Ni ya mteja, ambaye hushusha bei hadi transfoma haina nafasi tena ndani ya kasha, kisha akasifu wepesi wa kile alichopewa. Basi, ewe uliyeagiza taa ya tangi, mwambie fundi afungue kasha mbele yako na akuonyeshe transfoma kwa kidole. Ukiikosa, au ukiikosa fyuzi, usilipe, wala usikiache kitu hicho kikaribie maji.