Mlango wa stoo yako usile njia yangu!

Test zimetubana wiki mbili hizi ndo maana nimekuwa kimya. Hata leo nilitakiwa niwe nasoma, ila kuna kitu kimenikaa kooni na kisipotoka silali.

Kitu chenyewe ni mlango. Tena si mlango wa chumba, ni wa stoo ya mkaa. Cheka kwanza, ukimaliza endelea kusoma.

Mnaokaa hosteli mnaweza msinielewe haraka. Sisi tuliopanga mtaani huku Temeke tunajua. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili mnayoijua: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, choo na jiko uani. Ubavuni kuna uchochoro wa kutoka uani kwenda barabarani. Zamani ulikuwa futi sita. Baba mwenye nyumba akajenga stoo ya kuegemea ukuta wa nje, kina futi mbili, urefu futi sita. Ndani mnakaa mkaa wa wapangaji, madumu, majiko na mafagio. Sawa, stoo tunaihitaji, hapo sina ugomvi. Zikabaki futi nne za kupita.

Halafu fundi akaweka mlango mmoja mzima wa bati, upana futi tatu, unafunguka kwa nje. Piga hesabu mwenyewe. Ukiwa wazi umesimama katikati ya njia, inabaki futi moja! Futi sita za watu wote zimekuwa moja, na hakuna aliyeuza kiwanja.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, umeme umekatika, jirani yetu wa chumba cha tatu akashikwa na uchungu. Bajaji haiingii uchochoroni, inasubiri barabarani. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, tukambeba watu watatu. Kumbe kuna mtu alichukua dumu jioni akaacha mlango wa stoo wazi. Kiti kikagonga kona ya bati, paaa! Tukarudi nyuma, tukamshusha chini, mmoja akaenda kuufunga. Haufungi, gunia la mkaa limeporomokea kizingitini. Likavutwa, likasukumwa ndani, ndo tukapita. Dakika mbili au tatu tu. Lakini kamuulize yeye zilikuwa ngapi.

Mtoto yupo, mzima kabisa, na ana mapafu, maana ananiamsha kila alfajiri. Kwa hiyo watu wameshasahau. Mimi sijasahau.

Sasa mlango ule umeoza chini kwa kutu, na Jumamosi hii fundi analeta mwingine. Upi? Ule ule! Kipande kimoja, futi tatu, kwa nje. Nikaenda kwa mzee, nikampa shikamoo yake, nikajieleza. Akanisikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Mwanangu, mlango ni mlango. Wewe kasome." Fundi naye pembeni: "Dogo, hii ndo staili ya mjini."

Basi bwana, nimesoma. Nimepima na futi kamba. Naomba niwajibu hapa.

Kwanza, mlango si mlango tu. Mlango ni nafasi unayoichukua kila unapoufungua. Kwenye kiwanja kipana hutaiona gharama hiyo, kwenye uchochoro anailipa mpita njia. Kwa hiyo swali la kwanza si bati la geji gani wala kufuli la aina gani. Swali la kwanza ni: ukiwa wazi unakaa wapi?

Ufunguke kwa ndani? Haiwezekani. Stoo ina kina cha futi mbili, mlango futi tatu, utagota ukuta wa nyuma kabla haujafika popote, achilia mbali magunia.

Wa kunyanyua juu, kama dirisha la kibanda cha chipsi? Hapana. Ukingo wake utakaa usawa wa uso, na uchochoroni wanapita akina mama na ndoo kichwani.

Wa kusukuma pembeni juu ya reli? Huo naukubali, kwa sababu hauibi njia hata inchi moja. Ila unataka ukuta mtupu wa kujificha, wenye upana kama wake. Na tafadhali uning'inie kwenye reli ya juu. Reli ya chini kwa mchanga wetu huu na matope ya masika, miezi miwili tu vitairi vimeganda, mnaanza kuupiga mateke. Ubaya mwingine, kwenye stoo ya futi sita nusu nzima inabaki nyuma ya ukuta, mkaa wa kule kona utauvua kwa fimbo.

Ndo maana mimi nasema: mlango wa vipande viwili. Futi moja na nusu huku, futi moja na nusu kule, katikati ya stoo. Hata vikisimama wazi vyote, inabaki futi mbili na nusu, kiti cha mzazi kinapita. Tena kila upande kuna ukuta wa futi moja na nusu. Bawaba zikikaa kwa nje, kila kipande kinageuka mpaka kinalala ukutani, unakibana na ndoano upepo usikirudishe. Hapo njia inabaki karibu futi zote nne. Na unaweza kufungua kipande kimoja tu ukitaka fagio.

Na hili si jambo la Ulaya jamani. Nendeni Mji Mkongwe, Zanzibar, ule ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Ile milango ya nakshi tunayopiga nayo picha ni ya vipande viwili, na inafunguka kwa ndani. Vichochoro vile ni vyembamba, na watu wanakaa barazani nje. Mlango unaofunguka nje ungewapiga magoti. Sisi tumechukua nakshi tukaziweka kwenye makochi, akili tukaiacha kule kule.

Fundi anasema vipande viwili ni gharama. Gharama gani? Bawaba za ziada, makomeo mawili ya kukaza kipande kimoja juu na chini, na skwea paipu ya miimo miwili ya ziada. Gawanya kwa wapangaji wa vyumba sita. Mimi fungu langu natoa, hata kama boom halijatoka.

Mzee anasema vipande viwili vinavunjwa kirahisi. Mwizi ninayemjua mimi hashindani na bati, anatafuta kufuli na pini za bawaba. Pini zichomelewe zisitoke, komeo la ndani likaze, kufuli liwe zima. Hata mlango wa kipande kimoja unahitaji hayo hayo.

Na wa tatu ni mshkaji wangu anayekaa Tandale, ananiambia "acha makuu, si ufunge tu ukimaliza?" Kaka, kila mtu anakusudia kufunga. Yule wa dumu naye alikusudia. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalipolipuka kwenye ghala la jeshi Mbagala, hapo hapo Temeke yetu, watu walitoka mbio na watoto mgongoni. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto. Sisemi mlango wa stoo uliua mtu. Nasema siku ya kukimbia haitangazwi, na hakuna atakayetangulia mbele kufunga milango.

Kwa hiyo, mnaopanga mitaani, Keko, Tandika, Tandale, popote, kabla fundi hajakata chuma, chukueni futi kamba. Pimeni njia kwanza, mlango baadaye. Nimemwachia mzee karatasi yenye mchoro na vipimo. Amesema ataiangalia. Yule mama wa chumba cha tatu naye amesema Jumamosi atakaa pale uchochoroni na mtoto wake, amsubiri fundi.

Nawasilisha. Mwenye hoja ya kunipinga aje na vipimo.