Shule mpya Milola: Nani amemchagua mbunifu?

MKULIMA wa ufuta wa Milola, mkoani Lindi, anapofikisha magunia yake kwenye chama cha msingi, anajua kuwa bei itatoka mnadani na makato yatafuata. Miongoni mwa makato hayo umo ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao mwaka 2017 ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Sehemu ya mapato ya halmashauri hurudi vijijini kama madawati, vyoo na madarasa. Ujenzi ukianza, mkulima huyo huyo huitwa tena kusomba mawe, mchanga na maji. Analipa mara mbili, na wala halalamiki sana, kwa kuwa watakaokaa humo ni watoto wake.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo haulizwi: nani amelichora jengo hilo, na kwa hali ya hewa ya wapi?

Katika utaratibu wa fosi akaunti, ambao umejenga shule nyingi za umma kwa kutumia mafundi wa kawaida badala ya makandarasi, kijiji huunda kamati tatu. Ipo ya ununuzi, ipo ya mapokezi na ipo ya ujenzi. Zote huanza kazi wakati ramani imekwisha kufika. Kamati huhesabu mifuko ya saruji na kupima nondo, lakini kuhusu mchoro wenyewe hakuna kamati.

Ramani moja ya nchi nzima ina faida zake, na haifai kuzibeza. Mwaka 2021, fedha za kukabili athari za UVIKO-19 zilipoelekezwa kwenye madarasa, kila chumba kilitengewa Sh milioni 20, iwe Lindi au Njombe. Wizi wa mahesabu ulikuwa rahisi kuonekana, na kazi ilikwenda haraka. Kasoro ni kwamba Lindi si Njombe. Kule mtoto hutetemeka kwa baridi. Huku saa saba mchana bati lisilo na dari huwafanya watoto na mwalimu watamani kutoka nje. Wazee waliosoma chini ya makuti husema kulikuwa na ubaridi, na katika hilo hawatii chumvi.

Mbunifu majengo anayelijua pwani hii angeanza na dira kabla ya saruji. Lindi ipo takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Jengo ambalo kuta zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini hukwepa jua kali la asubuhi na la jioni, kwa kuwa jua hilo hugonga kuta fupi zisizo na madirisha. Madirisha ya pande hizo mbili ndefu hupokea kusi na kaskazi, pepo zile zile ambazo manahodha wa Kilwa na Lindi walizitegemea. Kuligeuza jengo kabla ya kuchimba msingi hakuongezi hata tofali moja, lakini lazima awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema ligeuzwe.

Upepo nao una upande wake mbaya. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Kilwa. Jinsi paa linavyofungwa kwenye kuta ni jambo la mchoro, na halipaswi kuachiwa fundi aamue akiwa juu ya ngazi. Maji ni vivyo hivyo. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 10 humwaga lita 1,500. Bila mfereji na tangi kwenye ramani, maji hayo hula msingi, na watoto huendelea kubeba ndoo.

Kwa hiyo halmashauri haina budi kuajiri mbunifu, na si kwa kila darasa. Mmoja akirekebisha ramani ya taifa kwa ajili ya pwani, kwa kibali cha TAMISEMI, mchoro huo utatumika katika kata nyingi na gharama yake itagawanyika. Awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Uwezo wake upimwe kwanza, bei yake iangaliwe baadaye, maana anayechora kwa bei ya kutupa mara nyingi hatakanyaga eneo la ujenzi. Zaidi ya vyeti, atakiwe kutaja shule alizowahi kubuni, na wajumbe wawili watatu wa kamati ya shule waende kuziona mchana, jua likiwa kali, wawaulize walimu. Hakuna mkulima anayenunua ng'ombe kwa kusoma barua yake ya utambulisho.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya matajiri. Gando, Burkina Faso, si kwa matajiri. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, aliwabunia shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Wanakijiji walibeba mawe na kufyatua matofali ya udongo. Paa la bati liliinuliwa juu ya dari ili joto lipite katikati na kutoka. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker. Nguvu ya wanakijiji wa Gando haikuzidi ile ya Milola. Tofauti ni kuwa mchoraji alikaa nao kabla msingi haujachimbwa.

Madiwani hupitisha makisio katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Hoja ya mbunifu ikisubiri ufuta uuzwe, bajeti itakuwa imekwisha fungwa na mawe yameanza kusombwa.